Watoto Watukutu Wako Wapi Zaidi? Historia ya Kuhesabu ADHD Kutoka London Hadi Dzaleka



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wa Kanengo, Lilongwe mjini na Dzaleka, leo tunalileta kwenu jambo linalozungumzwa sana majumbani lakini kwa nusu nusu. Ni habari ya mtoto asiyetulia. Huyu ni mtoto ambaye darasani hakai, madrasani anaruka kutoka aya ya kwanza hadi ya tano, ukimtuma chumvi anarudi na kiberiti, au harudi kabisa.

Kwetu mtoto huyu ana majina mengi. Wengine humwita mtukutu, wengine humwita mtundu, wengine husema ana kichwa kigumu, na wapo wanaosema ameingiliwa na mashetani. Lakini jamaa zetu waliokwishatoka kambini Dzaleka na kupelekwa Marekani au Kanada wanapiga simu na habari nyingine. Wanasema mwanao wa miaka minane hakumaliza hata mwaka mmoja shuleni, mara wazazi wakaitwa, wakapewa karatasi ya maswali, wakaambiwa huenda mtoto ana ADHD.

Hapo ndipo mabishano yanapoanza. Mmoja anasema, "Hayo ni maradhi ya Wazungu, Afrika hayapo." Mwingine anasema, "Yapo, ila sisi hatuyajui." Wa tatu anasema, "Wanataka kuwauzia watoto vidonge tu." Je, nani mkweli kati yao? Ili tujibu kwa uadilifu inabidi turudi nyuma katika historia, tuangalie namna watu walivyohesabu watoto hawa, nchi hadi nchi. InshaAllah tutaona kwamba kila mmoja wa hao watatu ameshika kipande cha ukweli, na kwamba kosa kubwa liko katika kuchanganya mambo mawili: idadi ya watoto wenye taabu hiyo, na idadi ya watoto waliopimwa na kupewa jina lake.

ADHD NI NINI?

ADHD ni herufi za Kiingereza zinazotaja hali ya kukosa umakini, kutotulia na kutenda kwa pupa kupita kiasi cha umri wa mtoto. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoithibitisha. Daktari huuliza na kutazama. Kwa mujibu wa kitabu cha Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, kinachojulikana kwa herufi DSM, mtoto awe na dalili sita au zaidi kati ya tisa za kukosa umakini, au sita kati ya tisa za kutotulia na pupa. Dalili hizo ziwe zimedumu miezi sita au zaidi, ziwe zimeanza kabla ya umri wa miaka 12, zionekane mahali zaidi ya pamoja, kwa mfano nyumbani na shuleni, na ziwe zinamharibia maisha yake.

Zingatia sharti hilo la mahali zaidi ya pamoja. Mtoto anayetulia nyumbani na madrasani lakini akawa mkorofi shuleni tu, huenda taabu iko shuleni. Na anayetulia shuleni akawa hashikiki nyumbani, huenda taabu iko nyumbani.

MWANZO WA HABARI

Watu walimjua mtoto asiyetulia kabla hajapewa jina la kitabibu. Katika miaka ya 1840 daktari mmoja wa Frankfurt, Ujerumani, Heinrich Hoffmann, aliandika kitabu cha picha kwa ajili ya watoto, na ndani yake yumo kijana Filipo asiyeweza kutulia mezani wakati wa chakula.

Mwaka 1902 daktari wa watoto wa Uingereza, George Still, alitoa mihadhara mbele ya Chuo cha Kifalme cha Madaktari jijini London. Alieleza habari za watoto 20 waliokuwa na akili timamu lakini hawakuweza kujizuia wala kushika jambo kwa muda. Kati yao 15 walikuwa wavulana na watano wasichana. Still alisema wazi kwamba hali hii haikutokana na malezi mabaya peke yake, kwa kuwa baadhi yao walitoka katika nyumba zenye malezi mema. Kwa zama zile, ambapo dawa ya kila mtoto mkorofi ilikuwa fimbo, maneno hayo yalikuwa makubwa.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ukaenea ugonjwa wa kuvimba ubongo uliowaua watu wengi Ulaya na Marekani. Watoto walionusurika, baadhi yao walibadilika tabia, wakawa hawatulii na hawazuiliki. Madaktari wakaanza kuamini kwamba nyuma ya utukutu wa namna hii kuna jeraha la ubongo. Tutalirudia jambo hili tutakapofika Malawi.

Mwaka 1937, katika jimbo la Rhode Island, Marekani, Dk. Charles Bradley aliwapa watoto 30 dawa ya kuchangamsha iitwayo Benzedrine. Jambo lililomshangaza ni kwamba watoto 14 kati yao walitulia na kufanya vizuri zaidi katika masomo. Mwaka 1944 mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba, Uswisi, alitengeneza dawa nyingine ya aina hiyo, ambayo baadaye iliuzwa kwa jina la Ritalin. Jina hilo lilitokana na jina la mkewe, Rita.

Basi kufikia miaka ya 1960 dawa ilikuwepo na maelezo yalikuwepo. Swali likawa: watoto hawa ni wangapi?

MIZANI MBILI, MAJIBU MAWILI

Ndugu msomaji, ukipima mchele kwa kikombe na jirani yako akapima kwa debe, msigombane kwa nini hesabu zenu hazilingani. Ndivyo ilivyokuwa kati ya Marekani na Uingereza.

Mwaka 1968 kitabu cha DSM cha Marekani kiliiweka hali hii katika orodha yake. Mwaka 1980 kilibadilisha jina na kutilia mkazo ukosefu wa umakini, mwaka 1987 likaja jina la ADHD, na mwaka 1994 likaja toleo la nne. Kila toleo lilibadilisha masharti. Toleo la 1994 lilitaka dalili zianze kabla ya miaka 7, na toleo la tano la mwaka 2013 likaruhusu hadi kabla ya miaka 12. Mlango ukipanuliwa namna hii, idadi ya watakaoingia huongezeka bila mtoto yeyote kubadilika.

Waingereza na sehemu kubwa ya Ulaya walitumia kitabu kingine, cha Shirika la Afya Duniani, kinachoitwa ICD. Toleo lake la kumi lilitaka dalili za aina zote tatu zipatikane pamoja: kukosa umakini, kutotulia na pupa. Tena daktari wa Uingereza alipomwona mtoto mkaidi na mgomvi alielekea kumpa jina la maradhi ya tabia badala ya jina hili.

Matokeo yake yalikuwa nini? Katika miaka ya 1960 Michael Rutter na wenzake waliwachunguza watoto zaidi ya 2,000 wenye umri wa miaka 10 na 11 katika Kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Waliopewa jina la utukutu wa maradhi walikuwa wawili tu. Wakati huohuo upande wa pili wa bahari walimu wa Marekani walikuwa wakiwataja watoto kwa asilimia kadhaa. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema kwamba watoto wa Kiingereza waliumbwa watulivu namna hiyo kuliko binamu zao wa Marekani. Tofauti ilikuwa katika mizani.

Toleo la kumi na moja la ICD, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, limechukua jina la ADHD na kusogea karibu na mizani ya Marekani. Kwa hiyo hesabu za zamani na za sasa zisilinganishwe ovyo.

MAREKANI: KWA NINI IDADI ILIPANDA?

Mwaka 1991 wizara ya elimu ya Marekani ilitamka kwamba mtoto mwenye ADHD anaweza kustahiki msaada maalumu wa masomo. Tangu hapo jina hilo likawa na faida, nalo ni mwalimu msaidizi, muda wa ziada katika mtihani na kadhalika. Wazazi waliokuwa wakikaa kimya wakaenda kwa daktari.

Kisha serikali ikaanza kuwauliza wazazi nchi nzima. Mwaka 2003, asilimia 7.8 ya watoto wa miaka 4 hadi 17 walikuwa wamewahi kuambiwa wana ADHD. Mwaka 2007 ikawa asilimia 9.5, na mwaka 2011 ikafika asilimia 11. Mwaka 2022, kwa watoto wa miaka 3 hadi 17, ilikuwa asilimia 11.4, yaani watoto wapatao milioni 7.

Lakini ndani ya nchi hiyohiyo moja, mwaka 2007, jimbo la North Carolina lilikuwa na zaidi ya asilimia 15, na California lilikuwa na asilimia 6 na kidogo. Wataalamu wawili, Stephen Hinshaw na Richard Scheffler, walilifuatilia jambo hili na kuandika kitabu mwaka 2014. Waliona kwamba sababu kubwa ni sera za shule. Pale ambapo sheria iliziadhibu shule kwa matokeo mabaya ya mitihani, watoto wengi zaidi, hasa wa familia maskini, walipelekwa kwa daktari.

Jambo la pili ni mwezi wa kuzaliwa. Majimbo mengi ya Marekani huandikisha watoto kwa kikomo cha tarehe 1 Septemba. Mtoto aliyezaliwa Agosti anakuwa mdogo kuliko wote darasani, na wa Septemba anakuwa mkubwa kuliko wote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watoto wa Agosti walipewa jina la ADHD kwa kiwango cha asilimia 34 zaidi ya watoto wa Septemba. Katika majimbo yasiyo na kikomo hicho tofauti hiyo haikuonekana. Huko British Columbia, Kanada, ambako kikomo ni mwisho wa Desemba, utafiti wa mwaka 2012 ulikuta wavulana wa Desemba wakipewa jina hilo kwa asilimia 30 zaidi ya wale wa Januari, na wasichana kwa asilimia 70 zaidi. Maana yake ni kwamba baadhi ya watoto walihesabiwa wagonjwa kwa sababu tu walikuwa wadogo, wakalinganishwa na wakubwa wao.

Jambo la tatu ni rangi na lugha. Utafiti wa mwaka 2013 uliofuata watoto wa Marekani kuanzia chekechea hadi darasa la nane ulikuta kwamba uwezekano wa mtoto mweusi kupewa jina hili ulikuwa chini kwa asilimia 69 ukilinganisha na mtoto mweupe wa hali inayofanana. Kwa watoto wa asili ya Amerika ya Kusini na ya Kati ulikuwa chini kwa asilimia 50. Baadhi ya watafiti wanaona kwamba watoto weupe wanapimwa kupita kiasi, na wengine wanaona kwamba watoto weusi wanakoseshwa msaada na kuitwa wakorofi. Yumkini yote mawili yapo.

Hapa ndipo tunapomjibu yule aliyesema vidonge vinauzwa. Ni kweli kwamba biashara ipo, na jina hili hutolewa kwa haraka mahali pengine. Lakini mahali pengine palepale Marekani kuna watoto wanaohitaji msaada na hawaupati. Kuzidi na kupungua vinaishi katika mji mmoja.

WAVULANA WANNE KATIKA KANDA MOJA

Mwaka 1992 ulichapishwa utafiti mfupi ambao kila mwalimu na kila maalimu wa madrasa anafaa kuujua. Watafiti waliwarekodi wavulana wanne wa miaka minane katika kanda ya video. Kanda hiyohiyo moja wakaionyesha kwa wataalamu wa China, Indonesia, Japani na Marekani, na kila mmoja akatakiwa awape alama za utukutu.

Watoto ni walewale, na vitendo ni vilevile. Lakini wataalamu wa China na Indonesia walitoa alama za juu zaidi kuliko wale wa Japani na Marekani. Jicho lililozoea darasa la kukaa kimya huona utukutu haraka. Jicho lililozoea watoto wa kuuliza na kusimama huona uchangamfu. Kwa hiyo mwalimu anapojaza karatasi ya maswali, anampima mtoto na huku anaipima pia desturi yake mwenyewe.

HESABU YA DUNIA NA YA AFRIKA

Mwaka 2007 Guilherme Polanczyk wa Brazil na wenzake walikusanya tafiti 102 kutoka pembe zote za dunia, zenye watu 171,756. Walipata wastani wa asilimia 5.29. Tafiti kutoka Afrika na Mashariki ya Kati zilitoa viwango vya chini kuliko vya Amerika ya Kaskazini, lakini zilikuwa chache. Sehemu kubwa ya tofauti ilitokana na namna ya kupima: kitabu gani kimetumika, nani ameulizwa, na kama waliuliza iwapo mtoto anadhurika au hapana. Mwaka 2014 walirudia kwa tafiti 135, wakaona kwamba kwa miaka thelathini taabu yenyewe haikuongezeka pale ilipopimwa kwa mizani moja. Waliopewa jina ndio walioongezeka.

Habari za Ufaransa zinafanana na hizo. Mwaka 2012 ilienea makala iliyodai kwamba watoto wa Kifaransa hawana ADHD kwa sababu ya malezi yao. Ilhali mwaka mmoja kabla, watafiti walioziuliza familia zenyewe Ufaransa walikuta kati ya asilimia 3.5 na 5.6. Watoto walikuwepo, ila madaktari wa huko walikuwa na mazoea ya kuieleza hali hiyo kwa namna nyingine.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti kutoka Kinshasa, Congo, uliowahusu watoto 1,187 wa shule za msingi wenye miaka 7 hadi 9. Kwa majibu ya walimu, karibu asilimia 6 walikuwa na dalili za kutosha. Mwaka 2004 watafiti wa Limpopo, Afrika Kusini, walitoa matokeo ya watoto zaidi ya 6,000 wa lugha mbalimbali, wakaona kwamba dalili zinakusanyika kwa namna ileile katika makabila yote. Mkusanyo wa tafiti za Afrika uliotolewa mwaka 2012 na Muideen Bakare wa Nigeria ulikuta kati ya asilimia 5.4 na 8.7 kwa watoto wa shule. Mkusanyo mwingine wa mwaka 2020 ulitoa wastani wa asilimia 7.47, wavulana wakiwa kama mara mbili ya wasichana.

Hata hivyo, vipo viwango vinavyopishana. Butajira, Ethiopia, utafiti wa nyumba kwa nyumba uliotolewa mwaka 2001 ulikuta asilimia 1.5 tu. Hospitali ya Mulago, Kampala, utafiti wa mwaka 2017 ulikuta asilimia 11. Lakini watoto wa Mulago walikuwa tayari wamefika kliniki za neva na akili, na wale wa Butajira walihesabiwa vijijini kwao. Ukihesabu wenye kikohozi katika kliniki ya kifua utapata wengi kuliko sokoni.

Kwa hiyo yule aliyesema haya ni maradhi ya Wazungu tumpe jibu. Mtoto wa Kinshasa na mtoto wa Limpopo hawakuiga Wazungu. Wapo kwa kiwango kinachokaribiana na cha wengine.

WAFUGAJI WA ARIAAL

Kuna kisa kimoja cha Kenya kinachotufundisha jambo lingine. Waariaal ni wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, upande wa Marsabit. Baadhi yao bado wanahama na mifugo, na wengine wamehamia vijijini wakakaa. Mwaka 2008 watafiti walitoa matokeo ya uchunguzi wa wanaume wa jamii hiyo. Walitazama aina fulani ya jeni ambayo tafiti nyingine zimeihusisha na kutotulia na ADHD. Miongoni mwa wanaohama, wenye jeni hiyo walikuwa na miili iliyoshiba zaidi kuliko wasio nayo. Miongoni mwa waliokaa kijijini mambo yaligeuka, na wenye jeni hiyo walikuwa na hali duni zaidi.

Utafiti huo haukuwapima ADHD wenyewe, wala jeni moja haitoshi kuieleza hali hii. Lakini unaonyesha kwamba maumbile yaleyale yanaweza kumfaa mtu mahali pamoja na kumtaabisha mahali pengine. Mtu wa kuzunguka ukimfungia mahali pamoja, taabu yake huonekana. Kambini tunalijua jambo hilo.

MALAWI NA DZALEKA

Mwaka 1994 yalitokea mambo mawili makubwa hapa. Malawi iliondoa ada katika shule za msingi, na wanafunzi wakaruka kutoka kiasi cha milioni 1.9 hadi kukaribia milioni 3. Mwaka huohuo ilifunguliwa kambi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, kaskazini ya Kanengo na kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe. Mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa zama za Rais Banda. Kambi ilipangwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wamepita 50,000, na wengi wao ni Wakongomani, pamoja na Warundi na Wanyarwanda.

Basi tazama darasa lilivyo. Wanafunzi ni wengi kupita kiasi, mwalimu ni mmoja. Mtoto ametoka Uvira au Bukavu, nyumbani anasema Kiswahili, darasani anasikia Chichewa na Kiingereza. Anaachwa nyuma ya wenzake wa umri wake, anawekwa na watoto wa miaka saba ilhali yeye ana kumi na mmoja. Mtoto kama huyo akitazama nje ya dirisha, je, amekosa umakini au hasikii lugha? Akimsumbua jirani yake, je, hatulii au amechoshwa na masomo ya wadogo?

Tena wapo walioona vita. Mtoto aliyeona vita hulala vibaya, hushtuka, hukasirika haraka na akili yake hupotea mbali. Kwa nje utadhani ni ADHD. Mwezi Machi 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi Dzaleka, na kuanzia Mei wengi walikusanywa, wakiwemo watoto waliokuwa wakisoma Lilongwe. Mtoto aliyetolewa shuleni katikati ya mwaka kwa namna hiyo ana sababu ya kutotulia.

Kuna na sababu ya mwili. Tulitaja juu kwamba zamani Ulaya ugonjwa wa ubongo uliacha watoto wasiotulia. Kwetu ugonjwa wa kuangaliwa ni malaria iliyopanda kichwani. Huko Blantyre, watafiti waliwafuatilia watoto 132 walionusurika na malaria hiyo na kuwalinganisha na wengine 264. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2010 yalionyesha kwamba walionusurika 12 walipata kifafa, na katika kundi la pili hakuna hata mmoja. Kwa jumla karibu theluthi moja ya walionusurika walibaki na kifafa, ulemavu au taabu za tabia. Kampala nako, utafiti wa mwaka 2008 ulikuta kwamba miaka miwili baada ya malaria hiyo, asilimia 18 ya watoto walikuwa na upungufu wa umakini, wakati miongoni mwa majirani wasiougua walikuwa chini ya asilimia 3. Kwa hiyo chandarua nacho ni kinga ya umakini wa mtoto.

Malawi imetoa pia mfano mwema wa mizani. Vipimo vya ukuaji wa mtoto vilivyotoka Ulaya viliuliza mambo ambayo mtoto wa kijijini hajapata kuyaona. Melissa Gladstone na wenzake wakatengeneza kipimo cha Malawi kwa kuwatazama watoto zaidi ya 1,400 wa vijijini hapahapa, kikatolewa mwaka 2010, na kimetumika katika nchi nyingine pia. Hicho ni kipimo cha ukuaji wa watoto wadogo. Hakipimi ADHD. Lakini kimethibitisha kwamba inawezekana kumpima mtoto wa hapa kwa mizani ya hapa.

Ama kuhusu matibabu, hospitali kuu ya serikali ya maradhi ya akili iko Zomba, karibu kilomita 300 kutoka Lilongwe. Saint John of God wana huduma Mzuzu na Lilongwe. Madaktari bingwa wa akili nchini ni wa kuhesabika kwa vidole. Na dawa ile ya Ritalin, Shirika la Afya Duniani lilikataa kuiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019 na tena mwaka 2021, likisema ushahidi wa manufaa yake haujatosha. Katika hali kama hii waliopewa jina la ADHD lazima wawe wachache, hata kama wenye taabu ni wengi.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tusimpe mtoto jina kabla ya kumchunguza. Masikio yake yanasikia? Macho yanaona? Analala? Amekula asubuhi? Amewahi kupoteza fahamu kwa malaria? Je, huduwaa kwa sekunde kadhaa bila kujitambua? Hicho huenda ni kifafa, nacho kina dawa.

Pili, tuulizane. Mzazi, mwalimu wa shule na maalimu wa madrasa wakae pamoja. Taabu ikionekana kwa wote watatu, tena tangu udogoni, mpelekeni kituo cha afya mkaeleze. Ikionekana kwa mmoja tu, tengenezeni mahali hapo kwanza.

Tatu, tumkumbuke binti. Wavulana huhesabiwa zaidi kwa sababu wanavunja vitu. Msichana mwenye hali hii mara nyingi hukaa kimya akiota mchana, na huitwa mjinga.

Nne, fimbo haijawahi kumponya mtoto wa namna hii. Mpeni kazi fupi fupi, maagizo mamoja mamoja, akae mbele karibu na mwalimu, asimame na kutembea kidogo kati ya somo na somo, na asifiwe anapomaliza. Akihifadhi aya mbili kwa siku bila kosa, ni bora kuliko kumi kwa machozi. Kumsomea dua ni jambo jema, na kumpeleka hospitali pia ni katika kutafuta sababu. Hakuna mgongano kati ya hayo mawili.

Tano, kwa jamaa zetu waliokwishafika ughaibuni: mkiitwa shuleni msikimbie, wala msitie saini haraka. Ombeni mkalimani. Waelezeni mwezi aliozaliwa mtoto, lugha anayoijua, alikopita na maradhi aliyougua. Ombeni apimwe kusikia na kuona. Mkishaeleza yote hayo, msikilizeni daktari.

Ndugu zangu, mwanzo tuliuliza watoto watukutu wako wapi zaidi. Baada ya zaidi ya miaka mia moja ya kuhesabu, jibu ni kwamba wako kila mahali kwa kiwango kinachokaribiana, na wengi wanaoonekana ni wale ambao kuna mtu amewatazama. Mtoto wa Dzaleka asiyetulia hakosi taabu kwa sababu hana karatasi ya daktari, na mtoto wa Marekani hana hakika ya ugonjwa kwa sababu anayo. Wote wawili wanahitaji mtu mzima mwenye subira atakayewatazama vizuri kabla ya kuwapa jina.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu na atupe hekima ya kuwalea. Wabillaahi tawfiq.